Krismasi ya shambani kwa vitu vya zamani: mwongozo kwa anayeanza, Nyanda za Juu Kusini

Novemba ikishaingia, maswali yanayonifikia ni yale yale. Nianzie wapi kama sina hela ya mapambo ya dukani? Vitu vya bibi vilivyojaa vumbi stoo vina kazi gani? Matunda ya paina yanafunguka vipi, mbona yangu yamejikunja kama ngumi? Kwa nini keki yangu inaumuka vizuri halafu inabonyea katikati? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nayaweka yote pamoja, kwa mpangilio wa kazi, ili anayeanza aweze kufuata mwenyewe.

Mambo mawili yanaongoza kila kitu hapa chini. La kwanza: kitu cha zamani kiachwe kionekane cha zamani. Kisafishe, kikaushe, kikaze palipolegea, basi. Wengi wanachukua kandili ya babu wanaipulizia rangi ya dhahabu, na mwisho wanabaki na kitu kinachofanana na cha dukani. Uzuri wote wa Krismasi ya shambani uko kwenye bati lililofifia, mbao iliyolambwa na mikono na kitambaa ambacho mtu alikifuma jioni kwa jioni.

La pili: Desemba kwetu ni mvua. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wenye Krismasi ya baridi kavu na nyumba zenye joto. Sisi huku Mbeya, Iringa, Njombe na Makete tuna ukungu asubuhi, mvua mchana na nguo zisizokauka kwenye kamba. Kazi ya mapambo huku inaanza na kukausha. Anza wiki tatu kabla ya sikukuu, usisubiri tarehe 22.

Kabla ya kuanza: kukusanya

Ukiingia stoo ya wazazi au jikoni kwa bibi, tafuta hivi:

- kandili (chemli), hata kama haina kioo
- vikombe, sahani na birika za bati, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu
- sanduku la bati la kwendea bweni
- ungo uliotoboka, kikapu cha milulu (nyasi za kusukia vikapu) kilichochoka, kinu kilichopasuka
- vitambaa vya kufuma vilivyokuwa vikitandikwa migongoni mwa makochi
- vifungo vya makoti, khanga na vitenge vilivyochakaa, magunia ya katani
- rimu ya baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya nyumba

Omba kwanza, na uombe kwa adabu. "Shikamoo bibi. Lile birika lako la zamani bado lipo? Naliomba kwa ajili ya meza ya Krismasi, nitalirudisha." Mara nyingi utapewa birika, na habari za birika lenyewe juu yake. Vitambaa vya kufuma usivikate bila ruhusa ya aliyevifuma. Miradi niliyoandika hapa haihitaji kukata hata kimoja.

Kama nyumbani hakuna kitu, nenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wao wanapima kwa kilo, kwa hiyo kandili iliyobonyea au rimu yenye kutu utaipata kwa bei ndogo ukiwahi kabla haijapondwa. Masweta ya sufu yaliyotoboka yako kwenye mitumba: Mbeya pitia masoko ya SIDO na Mwanjelwa, Iringa pitia soko la Mashine Tatu. Chagua yenye nakshi za kufuma, nyekundu iliyofifia, kijani au rangi ya maziwa.

Kutoka shambani na porini utahitaji matunda makavu ya paina, matawi ya misaiprasi, majani machanga ya mlingoti, yaani mkaratusi (yale ya rangi ya fedha) na mianzi mikavu. Hapa niseme wazi. Shamba la Miti Sao Hill kule Mufindi ni mali ya serikali, chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Usiingie kuokota bila kuuliza. Watu wengi Mufindi na Njombe wana mashamba yao ya paina, na ukimwomba mwenye shamba akuruhusu kuokota yaliyoanguka, ni nadra kukataliwa. Usikate kilele cha mti mchanga ili upate mti wa Krismasi, maana mti uliokatwa kilele hautatoa tena mbao nzuri, na mwenzako ameuotesha kwa ajili ya ada za watoto. Mianzi nayo, uliza kabla ya kukata. Mvua zikianza, kichaka cha mianzi ndicho kinachompa mtu ulanzi, ile pombe ya mianzi. Chukua ile iliyokauka tu.

Vifaa vya kazi: plaizi, mkasi, sindano ya gunia, waya laini wa kufungia nondo, uzi wa katani, msasa, mswaki wa zamani, malimau, chumvi, majivu yaliyochekechwa, gundi ya mbao na wanga wa mhogo.

Tahadhari tatu, nazo si za kupuuza:

Debe, chupa au ndoo iliyowahi kubeba dawa ya viazi, nyanya au mahindi haifai kwa lolote, hata kuwekea maua. Sumu haitoki kwa kuosha. Mtoto atakishika kisha atie mkono mdomoni.

Chombo cha bati kilichobanduka ndani kisipakuliwe chakula. Kiwekee majani na matawi.

Chuma chenye rangi ya zamani inayobanduka usikisugue kwa msasa ndani ya nyumba. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Kifute kwa kitambaa chenye maji, fanyia nje, na kisiwe karibu na chakula wala watoto wadogo.

Kazi ya kwanza: kusafisha na kukausha

1. Kung'uta vumbi nje. Mapengo ya kandili na mikunjo ya kikapu yasugue kwa mswaki mkavu kabla ya kugusa maji. Ukianza na maji, vumbi linageuka tope linalong'ang'ania.

2. Bati jeupe lisugue kwa majivu na kitambaa chenye unyevu. Madoa ya chai ndani ya birika yanatoka kwa majivu na limau. Waya wa kusugulia masufuria uache, unakwangua ule mng'ao.

3. Chuma chenye kutu, kama rimu, kipake limau na chumvi, kiache nusu saa, kisha sugua. Lengo ni kuondoa kutu linalochafua mikono tu. Rangi ya kahawia itakayobaki ndiyo tunayoitaka.

4. Kikapu cha milulu usikiloweke. Kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kianike kivulini penye upepo. Jua kali linaivunja milulu iliyozeeka.

5. Chuma ulichokiosha kikaushe karibu na jiko siku hiyo hiyo, kisha kipake mafuta ya kula kidogo mno kwa kitambaa. Ukikiacha kibarazani usiku wenye ukungu, asubuhi kutu limerudi.

6. Matunda ya paina yana utaratibu wake, na ndiyo yanayowasumbua wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Paina iliyojaa mashamba yetu mara nyingi ni ile aina ya patula, ambayo matunda yake hukaa yamefumba hadi yapate joto. Ukiyaokota yamefumba, hayajaharibika. Chukua sufuria chakavu isiyopikiwa tena, yapange ndani bila kurundika, weka juu ya makaa machache sana, nje ya nyumba. Baada ya dakika ishirini hivi utasikia mlio mdogo, tik, tik. Ni magamba yanaachia. Yageuze. Utomvu utayeyuka na kuyapa mng'ao, harufu ya msitu itapanda, na wadudu waliojificha ndani watakufa. Yaondoe yakifunguka yote. Usiondoke pale hata kidogo, na moto usiwe wa miali, kwa sababu utomvu wa paina unashika moto haraka mno.

Yakishapoa, yaweke ndani ya nyumba mahali pakavu. Tunda la paina likipata unyevu linafumba tena. Ukiyatundika kibarazani Desemba, asubuhi ya ukungu utayakuta yamejikunja. Ukiyapaka vanishi nyembamba yakiwa yamefunguka, yatachelewa kufumba.

Kazi ya pili: taji la mlangoni kwa rimu ya baiskeli

Huu ndio mradi ninaoupenda kuliko yote, na unamfaa sana anayeanza, kwa sababu duara limeshapatikana. Rimu ya baiskeli kubwa ya inchi 28, zile zilizokuwa zikibeba magunia ya viazi, inajaza mlango mzima. Kwa dirisha tumia ya baiskeli ya mtoto.

1. Toa spoku zote kwa plaizi, au ziache kama unapenda kutundika vitu katikati. Mimi naziacha. Zinashika vizuri vifungo na nyota ndogo.

2. Zungushia rimu ukanda wa gunia la katani wa upana wa vidole vinne, ukibana kila mzunguko juu ya uliotangulia. Shona mwisho kwa sindano ya gunia. Ukanda huu unazuia matawi yasiteleze kwenye chuma.

3. Kata matawi ya msaiprasi yenye urefu wa kiganja na nusu. Yafunge matatu matatu kwa uzi.

4. Funga fungu la kwanza kwenye rimu kwa waya. Fungu la pili lifunike shina la la kwanza, na kuendelea hivyo hivyo kwa upande mmoja. Ukibadilisha upande katikati ya safari, taji litaonekana limechanwa.

5. Usifunike rimu nzima. Acha theluthi moja wazi, gunia na chuma vionekane. Hapo ndipo kitu cha zamani kinapozungumza.

6. Pale matawi yanapokutana na sehemu iliyo wazi, funga matunda matano ya paina. Pitisha waya kwenye magamba ya chini ya kila tunda, uusokote, kisha ufunge nyuma. Gundi peke yake haitoshi, unyevu utaiachia.

7. Ongeza majani ya mlingoti na utepe mmoja wa kitenge. Mmoja tu. Vitepe vitano vinafanya taji la mnada.

8. Tundika kwa msumari wa inchi nne uliopigwa kwenye mbao ya fremu. Usipige kwenye plasta. Rimu ya chuma ina uzito, na mlango ukibamizwa na upepo itaanguka.

Msaiprasi unakaa kijani karibu wiki mbili ukiwa kwenye kivuli. Kwa hiyo safisha rimu mapema, lakini matawi yafunge kuanzia tarehe 15 hivi. Yakianza kuwa ya kahawia, yabadilishe. Matawi makavu ni kuni, yasikae karibu na mshumaa wala jiko.

Kazi ya tatu: nyota ya fito

Waliokulia karibu na Rungwe, ambako Wamoraviani walifungua misheni mwaka 1891, wanaijua nyota ya Krismasi ya Kimoraviani, ile ya asili ya Ujerumani yenye ncha 25. Ile inataka fundi mwenye subira. Hii ya fito tano mtoto wa darasa la nne anaiweza.

1. Pasua mwanzi mkavu upate fito tano zenye urefu sawa, sentimita 50. Usawa ni muhimu, zipange pamoja uhakikishe. Zipige msasa kidogo, kwa kuwa kibanzi cha mwanzi kinaingia ndani na ni kigumu kutoa.

2. Funga mbili pamoja kwenye ncha ya juu, zitawanye chini zikae kama miguu ya mtu.

3. Kutoka mguu wa kushoto, funga ufito wa tatu upande hadi bega la kulia.

4. Kutoka bega la kulia, funga wa nne ulale sawasawa hadi bega la kushoto.

5. Kutoka bega la kushoto, funga wa tano ushuke hadi mguu wa kulia. Nyota imekamilika.

6. Vuta taratibu hadi ncha zote zipishane sawa, kisha funga kila makutano ya ndani kwa uzi wa katani. Kosa la kila anayeanza ni kufunga makutano haya mapema, kabla ya kusawazisha, na nyota inatoka imelala upande.

7. Iache hivyo hivyo, au zungushia sehemu moja uzi wa sweta uliofumuliwa. Nyuma yake unaweza kufunga taa ndogo za betri. Mshumaa, hapana.

Kazi ya nne: vitambaa vya kufuma vya kutundika

Vile vya mviringo vya makochi vikitiwa wanga na kutundikwa dirishani, mwanga wa asubuhi ukapita, utashangaa kwamba vilikuwa vimekunjwa kabatini miaka yote hiyo.

1. Vifue kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, bila kukamua kwa nguvu.

2. Koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mhogo kwenye robo kikombe cha maji baridi. Mimina taratibu kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, ukikoroga hadi uji uwe mzito na unaopitisha mwanga.

3. Ukipoa kiasi cha mkono kuvumilia, chovya kitambaa, kibonyeze kitoe uji wa ziada.

4. Tandaza nailoni juu ya ubao, kilaze, kivute kila ncha na kukichoma pini zisizo na kutu. Ukitaka kengele, kifunike juu ya kikombe kilichopinduliwa na kuvalishwa nailoni.

5. Kausha ndani ya nyumba, mbali kidogo na jiko. Siku za mvua inaweza kuchukua siku mbili. Usikibandue kikiwa na unyevu katikati.

Kuna wanaofundisha kutumia maji ya sukari badala ya wanga. Kwa nyumba zetu usifanye. Sisimizi watapanga foleni hadi dirishani.

Kama una kitambaa kipya cheupe na unataka kiendane na vya zamani, tumia chai yetu wenyewe, ya Mufindi au Tukuyu, haina tofauti. Chemsha vijiko vinne vya majani kwenye lita mbili za maji, chuja vizuri, loweka kitambaa nusu saa ukikigeuzageuza, suuza, anika kivulini. Pamba inashika rangi vizuri, poliesta haishiki. Majani yasipochujwa yataacha madoadoa.

Meza

Hapa sina hatua nyingi. Chukua kitu kimoja kikubwa kiwe katikati: kandili, au birika la bati lililojaa matawi ya mlingoti, au kikapu cha milulu chenye matunda ya paina. Kimoja, visiwe vitatu. Chini yake tandika gunia lililofuliwa au kitenge kimoja. Pembeni weka vikombe vya bati na matunda ya msimu: maembe ya Kyela, mafyulisi (pichi), maplamu. Kandili ikiwa nzima na unataka kuiwasha, toa kwanza majani yote yaliyo karibu nayo na usafishe tangi. Ikiwa mbovu, tia ndani taa za betri.

Sweta la mtumba lenye tundu linatoa soksi mbili za Krismasi: kata mikono, shona upande wa kiwiko, na ukingo wa mkononi uwe mdomo wa soksi.

Kitamu cha sikukuu: keki ya ndizi ya sufuria

Hili ndilo eneo lenye malalamiko mengi, na sababu yake iko ardhini tulipo. Iringa mjini iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 na zaidi, Mbeya kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Gesi ya beking pauda inatanuka kuliko inavyotanuka Dar es Salaam, keki inapanda haraka kabla unga haujashika, halafu inabonyea. Maji nayo Mbeya yanachemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100, kwa hiyo unyevu unatoka mapema na keki inakauka. Kwa hiyo, mapishi ya pwani ukiyaleta huku: punguza beking pauda kwa robo, punguza sukari kidogo, ongeza kimiminika kidogo. Vipimo vifuatavyo vimesharekebishwa kwa ajili ya huku.

Kwa sufuria ya upana wa sentimita 20, kikombe kikiwa cha mililita 250:

- ndizi zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, zitoe kikombe kimoja na nusu zikipondwa
- unga wa ngano vikombe 2
- sukari robo tatu ya kikombe, kisha toa kijiko kimoja cha chakula
- mafuta ya alizeti nusu kikombe
- mayai 2 makubwa, au 3 ya kienyeji
- maziwa vijiko 3 vya chakula
- beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai
- mdalasini kijiko kimoja cha chai, iliki iliyotwangwa nusu kijiko, chumvi kidogo
- karanga za kukaanga zilizopondwa, mkono mmoja

1. Washa mkaa nje au jikoni penye madirisha wazi. Usubiri hadi moshi uishe na makaa yavae majivu meupe. Nasisitiza: jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini.

2. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Ifunike, iweke jikoni ipate joto dakika kumi na tano.

3. Wakati huo paka mafuta sufuria ndogo ya keki, tandika karatasi chini.

4. Changanya unga, beking pauda, viungo na chumvi. Kwenye bakuli lingine piga mayai na sukari hadi vichanganyike, tia mafuta, maziwa na ndizi.

5. Mimina kimiminika kwenye unga, changanya kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane. Acha hapo. Ukiendelea kupiga, keki inakuwa ngumu. Tia karanga.

6. Mimina kwenye sufuria ndogo isizidi nusu. Iweke juu ya mchanga, funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa au sinia la bati.

7. Hamishia makaa mengi juu ya mfuniko, chini bakisha machache. Moto mwingi juu, mdogo chini. Anayeanza karibu kila mara hufanya kinyume na kuunguza kitako.

8. Usifunue kwa dakika 35 za mwanzo. Kisha chungulia haraka, choma kijiti kikavu katikati. Kikitoka na uji, rudishia, angalia kila baada ya dakika saba. Keki nyingi zinamaliza kati ya dakika 45 na 60.

9. Ondoa makaa, iache ipumue dakika kumi ndani ya sufuria, ndipo uigeuze.

Juu yake usiweke krimu. Menya mafyulisi matatu, kata vipande, vipike na vijiko viwili vya asali na tangawizi mbichi iliyokunwa hadi vilainike, mwaga juu ya keki ikiwa ya moto. Ipeleke mezani juu ya sahani ya bati iliyo nzima, pembeni tawi dogo la mlingoti kwa macho tu, kwani halifai kuliwa.

Mambo yakikwama

*Keki imebonyea.* Beking pauda imezidi, au umefunua mapema. Kwa Njombe na Makete punguza hadi kijiko kimoja na robo. Iliyobonyea usiitupe, jaza lile shimo mafyulisi.

*Kitako kimeungua, juu ni mbichi.* Makaa ya chini ni mengi au mchanga ni mdogo. Toa makaa chini, ongeza juu.

*Keki ni kavu, inapukutika.* Ongeza kijiko kimoja cha maziwa mara nyingine, na uanze kuichungulia mapema zaidi baada ya zile dakika 35.

*Matunda ya paina yamefumba.* Yarudishe kwenye joto dogo, yatafunguka tena. Hayachoki upesi.

*Kitambaa cha wanga kimelegea dirishani.* Unyevu wa kioo. Kitundike sentimita chache mbele ya kioo, na mara nyingine uji uwe mzito zaidi.

*Taji limeinama upande mmoja.* Matunda ya paina yamelemea. Zungusha rimu hadi sehemu nzito iwe chini, ndipo utafute mahali pa kufunga uzi wa kutundikia.

*Kikapu au gunia limeota kuvu.* Lipeleke nje, sugua kwa brashi kavu, futa kwa siki, anika penye upepo mpaka harufu iishe. Lisirudi mezani likiwa bado linanuka.

*Panya.* Sikukuu ikipita, vitambaa vya wanga vifue uji wote utoke kabla ya kuhifadhi, maana panya wanautafuta. Vikunje vikiwa vikavu kabisa, vitie kwenye lile sanduku la bati pamoja na majani makavu ya mlingoti, nyota ya fito itundikwe kwenye kenchi, na birika la bibi lirudishwe kwa bibi likiwa limesafishwa.